Lami Tumekubaliana, Ardhi Je?

Lori linaloondoka Mombasa kwenda Tanga haliruhusiwi kuzidi tani 56, hata liwe na ekseli saba. Likivuka Lunga Lunga na kuingia Horohoro kipimo ni kile kile, kwa sababu mwaka 2013 Bunge la Afrika Mashariki lilitunga sheria moja ya kudhibiti uzito wa magari kwa nchi wanachama. Mpakani penyewe maofisa wa Kenya na wa Tanzania wanahudumu chini ya paa moja, na dereva anamaliza shughuli za nchi mbili kwa kusimama mara moja. Hayo ni mafanikio. Anayekumbuka foleni za mipakani miaka ya nyuma hawezi kuyabeza.

Sasa mwache dereva aende zake, wewe shuka. Tembea hatua chache kutoka ukingo wa lami hadi shamba la minazi. Umetoka kwenye eneo ambalo serikali zetu zimejadiliana hadi uzito wa kila ekseli, umeingia kwenye eneo ambalo hazina makubaliano yoyote ya maana. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyosainiwa Novemba 2009 na kuanza kutumika Julai 2010, inasema katika ibara yake ya 15 kwamba upatikanaji na matumizi ya ardhi yataongozwa na sera na sheria za kila nchi. Mlango ukafungwa hapo.

Hoja yangu ni kwamba mlango huo ulifungwa kupita kiasi. Sababu za kuufunga nazielewa, na nyingine naziunga mkono. Katika mazungumzo ya Soko la Pamoja, ardhi ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyobishaniwa sana, na Tanzania ndiyo iliyosimama kidete kuliko wengine. Ilikuwa na haki. Nchi ambayo ardhi yake yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na ambako kinga kubwa ya mwanakijiji ni sheria kwa kuwa pesa hana, haiwezi kuimwaga ardhi hiyo kwenye soko moja na nchi ambako hatimiliki huuzwa, huwekwa rehani na kupigwa mnada. Lakini kukataa kumiliki pamoja ni jambo moja na kukataa kupanga pamoja ni jambo jingine. Sisi tuliyafunga yote mawili katika kifurushi kimoja tukakitupa kabatini, kisha tukaendelea kujenga barabara.

Na barabara, kwa watu wa fani ya mipango, ni uamuzi mkubwa kuliko wote wa matumizi ya ardhi. Ramani za rangi tunazozibandika kwenye kuta za halmashauri zinaweza kukaa miaka kumi bila kuhamisha hata kibanda kimoja. Lami inahamisha soko lote ndani ya msimu. Inaamua kijiji kipi kitakuwa mji, ekari ipi itakuwa ya viwanja na nani atauza mapema kwa kutojua. Ukishakubaliana na jirani yako kuhusu barabara, umeshakubaliana naye kuhusu ardhi, upende usipende. Kilichobaki ni kama makubaliano hayo yameandikwa au yameachwa kwa madalali.

Chukua barabara ya pwani, ile inayokusudiwa kuunganisha Malindi, Mombasa, Lunga Lunga, Horohoro, Tanga, Pangani na Bagamoyo, zaidi ya kilomita 400. Ni mradi wa Jumuiya kweli kweli. Umo kwenye orodha ya ushoroba wa barabara wa Afrika Mashariki, na Desemba 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha takriban Euro milioni 345 kwa awamu ya kwanza, fedha za nchi mbili kwa mpigo mmoja. Vipande vingine vilikuwapo tayari: Likoni hadi Lunga Lunga ni lami ya siku nyingi, na kilomita 65 za Tanga hadi Horohoro zilijengwa kwa msaada wa Marekani kupitia Shirika la Changamoto za Milenia. Kipande kipya hasa ni kile cha kusini mwa Tanga, kupitia Pangani na eneo la Saadani hadi Bagamoyo. Kinavuka mto Pangani kwa daraja lililosanifiwa kuwa na urefu wa mita 525, mahali ambapo miaka yote mtu alisubiri kivuko kati ya mjini na Bweni.

Tazama ramani uone kitakachotokea. Gari la Tanga kwenda Dar es Salaam halitalazimika tena kuzunguka Segera na Chalinze. Bweni, ambayo ilikuwa ng'ambo ya mto, inakuwa njiani. Mkwaja na Mkange, vijiji vilivyokuwa vikijulikana kwa wavuvi na wafugaji, vinakuwa vituo kati ya miji miwili ya bandari. Saadani, hifadhi ya taifa tangu 2005 na mahali pa nadra ambapo tembo anaweza kuonekana karibu na ufuko wa Bahari ya Hindi, inapata majirani wapya wanaotaka viwanja vya hoteli. Upande wa Kenya, barabara ya Dongo Kundu imefungua njia ya kutoka Mombasa kwenda Kwale bila kupanda feri ya Likoni, kwa hiyo jiji linamwagika kusini kuelekea Ng'ombeni, Matuga na Tiwi. Mikondo hiyo miwili ya watu na fedha, mmoja ukitoka Mombasa kushuka na mwingine ukitoka Dar es Salaam kupanda, itakutana mahali fulani kati ya Msambweni na Mkinga. Nani amekaa na kupanga ikutane wapi?

Kuna pia upande wa pili ambao hausemwi sana. Barabara mpya ikiiba magari, barabara ya zamani inabaki na wenyeji wake. Wauza machungwa wa Muheza wana wanunuzi wao wa Kenya, hao hawatapotea. Lakini mama ntilie, fundi wa tairi na mwenye nyumba ya kulala wageni pale Segera wanaishi kwa abiria wa Dar es Salaam. Kuwapangia watakaoachwa pembeni ni kazi ya mipango kama ilivyo kuwapangia watakaofikiwa, ila kazi hii ya kwanza haina mfadhili.

Turudi mpakani, kwa sababu hapo ndipo kasoro inaonekana kwa macho. Wadigo wanaishi Kwale, Kenya, na wanaishi Mkinga, Tanzania. Ni ukoo mmoja, mazishi yao ni ya pamoja na minazi yao ni ya namna moja. Barabara ni moja na benki ni moja. Fikiria ndugu wawili, mmoja Vanga upande wa Kenya na mwingine Jasini upande wa Tanzania, wote wakitakiwa kupisha upanuzi.

Wa Jasini ana hakimiliki ya kimila. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa hadhi sawa na hati iliyotolewa na serikali, iwe imeandikwa au la. Tangu sheria za mwaka huo, thamani ya ardhi yenyewe inahesabiwa kwenye fidia, haiishii kwenye minazi na kibanda. Juu yake kuna posho ya usumbufu, posho ya makazi na gharama za kuhama. Kwa maandishi, amelindwa vizuri.

Wa Vanga mambo yake yanategemea historia ambayo yeye hakuwapo. Ukanda wa maili kumi wa pwani ya Kenya ulipitiwa na Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, iliyowataka watu binafsi wapeleke madai yao na kupewa hati. Wamijikenda, wakiwemo Wadigo, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo, wengi wao hawakupata kitu, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya serikali. Wajukuu wao wakaja kuitwa maskwota kwenye makaburi ya babu zao. Katiba ya 2010, ibara ya 40, inaruhusu anayekaa kwenye ardhi kwa nia njema bila hati afikiriwe fidia, lakini kuruhusu si kulazimisha. Kwa hiyo ndugu wa Vanga anaweza kulipwa miti na nyumba huku fedha za ardhi zikienda kwa mwenye hati anayeishi Nairobi au ng'ambo.

Usinielewe kwamba nasema Tanzania imefaulu na Kenya imeshindwa. Mwenye kumbukumbu ya alama za X zinazopigwa ukutani hawezi kusema hivyo. Sheria ya Barabara ya Tanzania ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Aliye ndani ya ile ya zamani hupigwa X nyekundu na kuondoka mikono mitupu, aliye kwenye nyongeza hupigwa X ya kijani na kusubiri kulipwa. Kusubiri huko kumewachosha wengi: asiyejua kama nyumba itavunjwa mwaka huu au mwaka kesho hapaki rangi wala haongezi chumba, na benki haimkopeshi. Mwaka 2017, kati ya Kimara na Kiluvya, tuliona nyumba nyingi zikibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, zikiwemo za watu waliokuwa na umeme na maji ya serikali na waliolipa kodi za majengo. Mkono mmoja wa dola ulipokea kodi, mwingine ukaleta tingatinga. Huo ndio mwisho wa barabara isiyokuwa na mpango wa ardhi ulioeleweka kwa anayeishi kando yake.

Kasoro ya kitaalamu iko hapa. Kila mradi mkubwa unaofadhiliwa na benki za maendeleo huja na mpango wa fidia na uhamishaji, na kazi hiyo siku hizi hufanywa kwa uangalifu. Wathamini wanahesabu mti kwa mti. Lakini wanahesabu ndani ya hifadhi ya barabara tu. Mita ya 31 si kazi yao. Athari kubwa ya barabara inaanza hasa kwenye mita hiyo ya 31 na kwenda ndani kilomita nyingi. Aliyebomolewa ana fomu na ana haki ya kukata rufaa. Aliyeuza shamba kwa bei ya shamba, mnunuzi wake akijua kwamba karibu litakuwa viwanja, haingii kwenye jedwali la mtu yeyote.

Tumeshapata somo hili kwenye barabara nyingine ya pamoja. Barabara ya Arusha, Namanga hadi Athi River, ambayo ndiyo fahari ya kwanza ya Jumuiya mpya, ilizinduliwa Novemba 2012 marais wakiwapo. Inapita katikati ya Wamaasai wa nchi mbili. Upande wa Kajiado, Kenya, ranchi za vikundi zilizoundwa kwa sheria ya 1968 zilikuwa zimeanza kugawanywa kwa mtu mmoja mmoja tangu miaka ya 1980, na lami mpya ikaongeza kasi. Kitengela na Isinya zikajaa nyua na viwanja, na tambarare ambayo nyumbu na pundamilia wa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi waliitumia wakati wa mvua ikakatwa vipande. Hifadhi hiyo ya 1946 iliachwa wazi upande wa kusini makusudi, ili wanyama watoke na kurudi. Sasa inazidi kuzungukwa. Upande wa Longido, Tanzania, ambako ardhi ni ya kijiji na malisho yanasimamiwa kwa mkutano na sheria ndogo, sehemu kubwa bado iko wazi. Eneo la jumuiya la Enduimet, magharibi mwa Kilimanjaro, linasaidia kuweka hai mapito ya tembo kati ya Amboseli na mlima.

Kabila moja, barabara moja, sheria mbili za ardhi, na mandhari mbili tofauti. Sidai kwamba lami peke yake ndiyo iliyofanya hivyo, maana ugawaji ulitangulia. Nadai kwamba wakati wahandisi wa nchi mbili walipokuwa wakikubaliana unene wa tabaka za barabara, hapakuwa na meza ya pili ambapo wataalamu wa mipango wa Kajiado na wa Longido wangejadili malisho na mapito ya wanyama. Tembo hula pande zote mbili, na ukame unapokuja ng'ombe nao huvuka.

Inashangaza kwamba tunapoamua kuheshimu wanyama, mamlaka ya kikanda hupatikana mara moja. Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki ilitamka kwamba mpango wa Tanzania kujenga barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti unakiuka Mkataba wa Jumuiya. Kesi ilifunguliwa mwaka 2010 na shirika la ustawi wa wanyama la Kenya, na moja ya hoja zake ni kwamba nyumbu wanaohama kati ya Serengeti na Maasai Mara ni mali ya ikolojia ya nchi mbili. Mahakama haikusema "ardhi ni suala la ndani la kila nchi". Ilikubali kwamba matumizi ya ardhi ya upande mmoja yanaweza kuumiza upande wa pili na kwamba Jumuiya ina neno katika hilo. Iwapo nyumbu ana wakili kwenye mahakama hiyo ya Arusha, mvuvi wa Vanga na mkulima wa Mkinga nao wanastahili walau mtaalamu wa mipango.

Na Vanga ina hoja ya aina ile ile. Mto Umba unaanzia milima ya Usambara, unapita Tanzania na kuingia baharini upande wa Kenya, karibu na Vanga. Mvua kubwa ya Usambara huwa mafuriko ya Vanga. Mikoko ya huko, ambayo wanakijiji wanaitunza na kuuza hewa ya ukaa, inategemea maji na tope linalotoka nchi jirani. Kila kalavati linalowekwa, kila mteremko unaolimwa kwa sababu barabara imeleta soko la mahindi mabichi, ni uamuzi ambao matokeo yake yanavuka mpaka.

Ningependekeza nini basi? Si chombo kipya chenye makao makuu na magari ya fahari. Ushoroba wa Kaskazini una mamlaka yake Mombasa tangu miaka ya 1980, Ushoroba wa Kati una wakala wake Dar es Salaam, na Bonde la Ziwa Victoria lina kamisheni yake Kisumu. Vyombo vipo. Kazi ya viwili vya kwanza imebaki kuwa kuharakisha malori, na malori yanapoharakishwa bila mpango huzaa miji isiyopangwa kama Mlolongo wa Kenya, uliokua kuuzunguka mzani wa magari. Kinachotakiwa ni kuongeza sentensi moja kwenye mkataba wa kila barabara ya pamoja: kwamba fedha za kipande chochote hazitolewi hadi vijiji na wadi zilizo ndani ya, tuseme, kilomita tano kutoka njia ziwe na mpango wa matumizi ya ardhi uliopitishwa na watu wake, na mipango ya pande mbili za mpaka iwe imesomwa kwenye kikao kimoja.

Sheria za kufanyia kazi hiyo tunazo. Tanzania ina Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007, Tume ya Taifa ya kuisimamia, na utaratibu wa hatua sita ambao ndani yake mpango hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Kenya ina Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, Tume ya Taifa ya Ardhi, na kaunti zinazotakiwa kisheria kuwa na mipango yao ya maeneo ya miaka kumi. Kaunti sita za pwani zina jumuiya yao, na hakuna kinachoizuia kukaa na mkoa wa Tanga. Kinachokosekana ni fedha na shinikizo. Tanzania ina vijiji zaidi ya 12,000 na vyenye mpango ni chini ya nusu, kwa sababu bajeti ya kupima kijiji haipewi uzito wakati bajeti ya lami inapigiwa makofi. Gharama ya kupanga vijiji vya kando ya barabara, ikilinganishwa na gharama ya barabara yenyewe, ni chenji.

Fidia nayo ipate kiwango cha chini cha pamoja kwa miradi ya pamoja. Hili halihitaji kugusa umiliki. Kila nchi ibaki na mfumo wake, lakini mradi uliobeba nembo ya Jumuiya usimlipe mtu wa upande mmoja ardhi yake na kumlipa nduguye wa upande wa pili minazi peke yake.

Nasikia pingamizi mbili, na moja ni nzito. Nyepesi ni kwamba haya yatachelewesha barabara. Barabara zetu zinachelewa hata bila mipango, kwa kesi za fidia na wakandarasi wasiolipwa. Nzito ni kwamba mpango wenyewe unaweza kuwa silaha. Mradi wa Kenya wa bandari na ushoroba wa LAPSSET ulipozinduliwa Lamu Machi 2012, mpango wake ulikuwa na ukanda wa miundombinu wa mita 500 na ukanda wa kiuchumi wa kilomita 50 kila upande. Ulitangazwa kabla haki za wafugaji na wavuvi hazijasajiliwa, na tangazo likawa mwaliko kwa wanunuzi wa ardhi. Sheria ya Ardhi ya Jumuiya ilikuja 2016, miaka minne baadaye. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe zaidi ya shilingi bilioni 1.7 kwa madhara ya bandari. Hapo utaratibu ulikuwa kinyume: ramani ya mwekezaji kwanza, daftari la wenyeji baadaye. Ndiyo maana nasisitiza mkutano mkuu wa kijiji utangulie, na haki iandikwe kabla ukanda haujapewa jina. Mpango unaoletwa kutoka Dodoma au Nairobi ukiwa umeshachorwa rangi, bora usije.

Kwa barabara ya pwani nafasi haijafungwa kabisa. Kusini mwa Pangani bado kuna vijiji ambavyo ardhi yake haijakatwa viwanja, na kati ya Lunga Lunga na Horohoro bado mashamba ni mashamba. Wabunge wa Kwale na wa Tanga hawahitaji kusubiri itifaki mpya ili waitishe kikao. Na wewe msomaji mwenye shamba kando ya njia hii, kabla hujaweka dole gumba kwenye hati ya mauziano, nenda ofisi ya kijiji au ya wadi, omba kuonyeshwa mpango wa matumizi ya ardhi na mahali hifadhi ya barabara inapoishia. Ukiambiwa mpango haupo, usiuze bado. Omba suala hilo liingizwe kwenye ajenda ya mkutano ujao.